Mchanga mweupe wa Pwani haufai tangi la kambare wadogo

Anayefuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo huvutiwa upesi na mchanga mweupe wa Pwani. Aupishe mbali. Umejaa chembechembe za matumbawe na kombe zinazoongeza chokaa majini, ilhali kambare wadogo aina ya Corydoras, wenye asili ya Amerika Kusini, hawaitaki. Mchanga wowote unaoutilia shaka, udondoshee siki. Ukitoa povu, una chokaa.

Afadhali mchanga laini wa mtoni, uliooshwa hadi maji yatoke safi. Samaki hawa hufukua chakula kwa kinywa na kuupitisha mchanga kwenye matamvua, hivyo changarawe yenye ncha huweza kuwajeruhi sharubu. Mimea nayo, ikitiwa mchanga wa kina cha sentimita 5 hivi, ipewe vidonge vya mbolea mizizini, kwani mchanga mtupu hauna rutuba.