Samaki wa Kula Magugu: Nani Atawafuatilia?

Mto Ngong, unaopita Mukuru karibu na Pipeline jijini Nairobi, hutoka Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na ambalo kwa miaka mingi limefunikwa na gugu maji. Mkazi anayesikia kwamba wapo samaki wanaokula mimea ana haki ya kuuliza mbona wasiachiliwe humo wafanye kazi bila mshahara. Lakini kuwamwaga samaki ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yenyewe ni kuwafuatilia, na pasipo mpango wa kuwafuatilia ni afadhali wasiingizwe kabisa.

Mla majani huchagua. Kapi mla nyasi, samaki wa Asia anayetumika sana kwa kazi hii, hupenda mimea laini iliyo chini ya maji. Gugu maji lenye mashina magumu si chaguo lake. Ziwa Naivasha limetuonyesha hatari ya walaji wasiochunguzwa. Kamba wa Louisiana waliingizwa mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata mayungiyungi na mimea ya chini ya maji ikatoweka, ilhali magugu yaeleayo yakaendelea kutanda. Huko Texas, katika Ziwa Conroe, kapi wapatao 270,000 waliingizwa mwaka 1981 na 1982. Walimaliza gugu lililolengwa, na mimea mingine ya chini ya maji ikaenda nalo.

Kufuatilia maana yake ni kupima kabla na baada. Eneo la magugu lipigwe picha kutoka pale pale kila msimu. Samaki wavuliwe kwa nyavu, wapimwe urefu na matumbo yao yachunguzwe. Oksijeni ya maji ipimwe. Sehemu ndogo izungushiwe wavu ili samaki wasiifikie: magugu yakipungua ndani na nje sawasawa, samaki hawastahili sifa. Tahadhari hiyo si ya bure. Mbawakawa wanaokula gugu maji walipoachiliwa Ziwa Viktoria katikati ya miaka ya 1990, gugu maji lilipungua sana mwishoni mwa muongo huo, lakini mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikuwa zimepita pia, na wanasayansi wakabishana kwa miaka kuhusu kilichochangia zaidi.

Wapo watakaosema vipimo ni anasa kwa mji wenye shida chungu nzima. Ila nyavu na kamera ni gharama ndogo ukilinganisha na kosa lisilorekebishika: samaki wakishazaana mtoni hakuna atakayewakusanya. Ndiyo sababu majimbo mengi ya Marekani hudai kapi tasa, waliopimwa damu kuthibitisha hawatazaa. Wengine watasema tutapata kitoweo. Katika bwawa linalopokea maji taka, kitoweo hicho ni hatari. Tena samaki haondoi mbolea inayolisha magugu. Huila ndani ya jani na kuirudisha majini kwa kinyesi, na mwani hunawiri. Gugu linalong'olewa na kupelekwa mbali na maji huondoka na mbolea yake.

Kwa hiyo hapa jijini mabomba ya maji taka na ung'oaji vitangulie. Atakayependekeza samaki baadaye aje na vipimo vya mwanzo, fedha za kufuatilia kwa miaka kadhaa, na jina la ofisi itakayotangaza matokeo hata yakiwa mabaya.