Tusile nyamafu

Mwezi wa 4 mwaka 2025, viboko wasiopungua 50 walikufa upande wa Ziwa Edward, katika Mbuga ya Virunga. Ugonjwa ulikuwa kimeta. Mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi. Mnyama huzipata akila majani, na mtu huzipata akichuna au akila nyamafu.

Tunajua njaa ipo, na nyama ya bure inavuta. Lakini Kumbukumbu la Torati 14:21 iliwakataza Waisraeli nyamafu. Ng’ombe akifa ghafula, tusimpasue. Tumwite daktari wa wanyama, azikwe shimo refu. Aliyemgusa akitoka kidonda cheusi, aende upesi kituo cha afya: dawa ipo. Tutamwombea huko huko.