Fisi Anaposugua Bua la Nyasi

Fisi madoa akitembea peke yake nyasini, kuna jambo hulifanya ambalo wageni wengi wa mbugani huliona bila kulitambua. Husimama ghafla, hunusa bua moja kwa makini, kisha hulivuka polepole mpaka lipite katikati ya miguu yake ya nyuma. Hukunja magoti, huinua mkia, na kifuko kilicho karibu na njia ya haja kubwa hubinuka nje. Akisogea hatua moja mbele, bua linabaki limepakwa utando wa rojo lenye rangi ya manjano hafifu. Sekunde chache tu, naye ameshaendelea na safari yake.

Pua ya binadamu ikisogezwa pale haipati zaidi ya harufu nzito ya kitu kilichochacha. Pua ya fisi mwingine inapata kwamba aliyepita ni jike au dume, yuko katika hali gani ya uzazi, na ni wa ukoo upi. Inayapata hayo hata kama mwenyewe yuko mbali sana, pengine amelala. Mlio hupotea mara unapotoka, na mkao wa mkia au masikio hauna maana asipokuwapo wa kuutazama. Harufu iliyopakwa kwenye bua huendelea kusema baada ya mwenyewe kuondoka.

Kwa fisi hilo si jambo dogo. Ukoo mmoja unaweza kuwa na makumi ya fisi, lakini ni nadra kuwakuta wote pamoja. Hutawanyika mmoja mmoja, wawili wawili, wakakutana kwenye mzoga au kwenye mapango ya watoto. Hans Kruuk, Mholanzi aliyewafuatilia fisi wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, aliona namna koo zinavyoilinda mipaka yake kwa mapigano, na pia kwa alama. Mpakani hukuti rojo peke yake. Kuna vinyesi vyeupe, weupe unaotokana na mifupa waliyotafuna, na kuna ardhi iliyoparuliwa kwa miguu ya mbele, maana katikati ya vidole nako kuna tezi za harufu.

Sasa, harufu hiyo inatengenezwa na nani? Mtu angedhani jibu ni fisi mwenyewe, na si kweli kabisa. Tezi humimina mafuta na seli zilizokufa ndani ya kifuko chenye joto, unyevu na hewa haba. Bakteria wanaoishi humo ndio wanaovichachua na kutoa asidi nyepesi zinazopaa hewani, na hizo ndizo zinazonusika. Anayejua maziwa ya kibuyu ataelewa upesi: maziwa ni yaleyale ya ng'ombe, lakini kila boma lina ladha yake, kwa sababu kinachoishi kwenye kuta za kibuyu kinatofautiana.

Hoja hii ilitolewa tangu miaka ya 1970, na wanabiolojia waliochunguza mbweha na nguchiro. Kuithibitisha ndiko kulikokuwa kugumu, kwa kuwa bakteria wengi wa aina hiyo hawakubali kuoteshwa maabara. Ilibidi kusubiri mbinu za kusoma vinasaba vyao moja kwa moja. Mwaka 2013 watafiti Kevin Theis, Kay Holekamp na wenzao walichapisha matokeo ya rojo la fisi wa Kenya: fisi madoa na fisi miraba wana jamii tofauti za bakteria, na mchanganyiko wa harufu zao hutofautiana sambamba na bakteria hao. Kwa fisi madoa, tofauti zilionekana pia kati ya jike na dume, na kati ya majike wenye mimba na wanaonyonyesha.

Kinachonivutia zaidi ni watoto. Fisi mchanga huanza kuvuka mabua na kujisugua kabla kifuko chake hakijatoa rojo lolote. Mwanzoni ungesema ni mchezo wa kuiga wakubwa. Lakini mara nyingi husugua palepale waliposugua wakubwa, na watafiti wanadhani kwa njia hiyo huwachukua bakteria wa ukoo. Kama dhana hiyo ni sahihi, harufu ya ukoo huambukizwa, hairithiwi kwa damu peke yake.

Digidigi, kaswala kadogo ka vichakani, ana mtambo rahisi zaidi wa kuacha harufu. Doa jeusi lililo mbele ya jicho lake wengi hulidhania alama ya machozi, kumbe ni tezi. Digidigi huchomeka ncha ya kijiti humo, taratibu asijitoboe jicho, na kijiti hubaki na tone jeusi la kunata. Dume na jike huishi wawili katika eneo lao. Jike akienda haja, dume hunusa, huparua udongo, huweka kinyesi chake juu ya kile cha mwenzake, kisha hupaka kijiti kilicho karibu. Inadhaniwa anafunika habari za mkewe, madume wengine wasijue siku zake.

Fungo naye hupaka harufu, nayo imemletea balaa. Rojo lake ndilo zabadi, ambalo binadamu wamelitia katika manukato kwa karne nyingi, na huko Ethiopia wanyama hao wamefugwa vizimbani ili likwanguliwe.

Kumwona anayepokea harufu hakuhitaji safari ya mbugani. Mtazame beberu akinusa mkojo wa mbuzi jike: huinua kichwa, hubenua mdomo wa juu na kutulia hivyo kwa muda. Anapeleka harufu kwenye kiungo kingine kilicho juu ya kaakaa, kinachoitwa kwa jina la Jacobson, Mdenmaki aliyekieleza mwanzoni mwa karne ya 19.

Nchini Botswana watafiti wamejaribu kuitumia lugha hii wenyewe. Walikusanya alama za mbwa mwitu wa makundi ya mbali, mkojo na kinyesi, wakaziweka pembezoni mwa eneo la hifadhi ili mbwa mwitu wa pale wadhani kuna jirani na wasivuke kwenda kwenye mifugo. Ugumu ni kwamba jua huikausha harufu na mvua huiosha, kwa hiyo mtu analazimika kurudi kuipaka upya kila mara, kazi ambayo mnyama huifanya akipita tu.