Kobalti: jiwe nyeusi ya Kamatanda inaenda wapi?

Sisi wa Kamatanda tunabeba kobalti mugongoni kila siku, lakini ukiuliza kwenye mashimo kama hii kitu ni ya nini, wengi watajibu: "Ya telefone." Ni kweli, lakini haiko ya telefone tu.

Jiwe tunalotoa linaitwa heterogeniti. Ni nyeusi, na mara nyingi linakaa pamoja na malakiti, ile ya kijani ya mukuba. Kobalti ikisafishwa inang'aa kama feza, sumaku inaivuta, na haiyeyuki mpaka moto ufike digri 1495. Njo maana inaingia ndani ya moteri za ndege na kwenye meno ya mashini zinazotoboa mwamba. Toka zamani inatia vioo na masahani rangi ya bulu. Jina lilitoka kwa wachimbaji wenzetu wa Ujerumani: mawe yao yalitoa moshi wa sumu, wakasema ni kobold, pepo mubaya wa chini ya udongo. Leo kazi yake kubwa ni betri za telefone na za motokari, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo yetu.

Kuna wanaosema vumbi yake haina neno, kwa sababu kobalti iko ndani ya vitamini. Ndiyo, iko ndani ya vitamini B12, lakini kidogo sana, na hiyo tunaipata kwa nyama, samaki na mayai. Vumbi inayoingia mapafuni ni mambo ingine: inaleta pumu na kikohozi kisichoisha. Tena mawe ya eneo letu yanaweza kuchanganyika na iraniamu. Shinkolobwe haiko mbali, na serikali iliifunga mwaka 2004. Wamama wanaosukula mawe na mutoto mugongoni, tunawaomba: mutoto abaki nyumbani, nguo za kazi zisilale chumbani, na mawe yasisukuliwe kwenye maji ya kunywa.

Halafu bei. Kwenye depo wanapima kwa Metorex, mashini inayosoma asilimia ya kobalti ndani ya jiwe. Jiwe moja haliwakilishi mufuko muzima, na mawe yenye maji yanakatwa kilo. Yaanike kwanza. Sisi wa chama tunadai kitu kimoja: kioo cha mashini kigeukie muchimbaji, ajisomee namba mwenyewe na kuiandika mbele ya kukubali franga.