Daraja za Kukua kwa Mwanadamu

Mtu akimwona mtoto wa jirani baada ya mwaka mzima hustaajabu na kusema, "Loo, amekuwa mkubwa!" Lakini kukua si jambo la ghafula. Kuna utaratibu wake, na kila daraja ina kazi yake na wakati wake. Kazi iliyoharibika katika daraja moja ni vigumu kuitengeneza katika daraja ifuatayo.

Mwanzo wa mtu ni pale mbegu ya baba inapokutana na yai la mama, nalo yai hilo ni dogo mfano wa chembe ya mchanga. Baada ya juma moja hivi mimba hujishikiza katika tumbo la uzazi. Kabla ya juma la nne kwisha, moyo umeanza kupiga, na mahali pa ubongo na uti wa mgongo pamekwisha kujifunga. Wakati huo mama wengi hawajatambua hata kidogo kwamba ni waja wazito. Majuma manane yakitimia, viungo vyote vikubwa vimekwisha anza. Basi mwanamke anayetazamia kuzaa asingoje mpaka tumbo lionekane ndipo aache pombe na tumbako na kwenda kliniki.

Mtoto akizaliwa huwa na uzito wa kilo 3 hivi na urefu wa sentimita 50, na kichwa chake ni robo ya urefu huo. Katika mwezi wa tano uzito huwa maradufu, na akitimiza mwaka huwa mara tatu. Tangu kuzaliwa hadi kufa, hakuna mwaka mwingine ambao mtu hukua kwa kasi kama ule wa kwanza. Maziwa ya mama peke yake yamtosha miezi sita. Baadaye ahitaji na chakula kingine, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

Hatari kubwa huja anapoachishwa ziwa. Mtoto akidhoofika, nywele zikageuka rangi na miguu ikavimba, wako wasemao amebemendwa, ati wazazi wamevunja mwiko. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo sasa Ghana, aliutangaza ugonjwa huo kwa jina la wenyeji, kwashiorkor, yaani ugonjwa umpatao mtoto mdogo wake azaliwapo. Mtoto huyo alikuwa ameondolewa ziwani akapewa uji wa mahindi mtupu. Dawa yake si kafara. Ni maharagwe, kunde, mayai, maziwa na dagaa, na daktari akiwa mtoto amezidiwa. Nchini Kenya, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 26 walionekana wamedumaa mwaka 2014. Mwaka 2022 walikuwa 18. Kazi imefanyika, lakini haijesha.

Baada ya hapo mwendo hupungua. Karibu na mwaka wa sita meno ya utoto, ambayo ni 20, huanza kung'oka.

Kisha huja kubalehe. Msichana huanza kati ya miaka 8 na 13, mvulana kati ya 9 na 14. Kwa hiyo si ajabu msichana wa miaka 12 kumpita kaka yake kwa kimo. Mvulana sauti huwa nzito, na msichana huvunja ungo. Wako wazazi wanaodhani kuwa aliyevunja ungo amekwisha kukomaa. Hilo ni kosa, maana mifupa ya nyonga yake bado yakua, na uzazi wa mapema waweza kumletea taabu ya maisha. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yataka awe ametimiza miaka 18.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Neno hilo hutajwa juu ya tabia, lakini kwa mwili pia ni kweli.