Picha Ni ya Nani?

Somo letu la leo ni haki ya mpiga picha.

Tuseme Ushongo, wilaya ya Pangani, kuna mashindano ya ngalawa. Kijana mmoja amepiga picha nzuri pale ufukoni. Mwenye duka akitaka kuichapa katika kalenda za kuuza, sharti amwombe ruhusa. Kwa nini? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yailinda kazi tangu ilipotungwa, hata kama haikuandikishwa.

Lakini haki ina mpaka. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 18, yampa kila mtu uhuru wa kutoa habari. Ibara ya 16 yalinda maisha yake binafsi na nyumba yake. Basi, ngalawa zikishindana, piga. Mama aliye ndani ya ua wake, mwombe kwanza.

Andikeni: Picha ni ya mpigaji; sura ni ya mwenyewe.