Kwa nini detekta hudanganya katika udongo wa mfinyanzi Mbulu, Hanang

MTAFUTAJI wa dhahabu anayeingia na detekta katika mashamba ya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, hukutana na ardhi yenye hila. Mlima Hanang, wenye urefu wa takriban mita 3,420, ni volkano, na udongo utokanao na miamba ya volkano huwa na chembe nyingi za madini ya chuma.

Detekta hupeleka nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu hiyo ikifikia metali huzusha ndani yake mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo hurudisha ishara ambayo mashine huigeuza kuwa mlio. Kumbe chembe za chuma nazo hujibu. Mfinyanzi uliolowa, hasa wenye chumvi, hupitisha umeme na kuzidisha milio ya uongo. Ndiyo sababu mashine hurekebishwa kwanza ilingane na ardhi, na kurekebishwa tena kila udongo unapobadilika. Basotu, ambako mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yalilimwa kwa matrekta kwa miaka mingi, mlio unaweza kuwa wa nati tu.

Kosa kubwa zaidi ni kuamini kimya chake. Dhahabu iliyomo katika mfinyanzi mara nyingi ni vumbi, na vumbi hilo detekta hailioni hata likiwa jingi. Kipande cha ukubwa wa punje ya mchele husikika kikiwa karibu na uso wa ardhi tu. Kipimo cha kuaminika basi ni karai na maji: udongo hulowekwa, hufikichwa hadi mabonge yote yayeyuke, kisha huoshwa polepole. Bonge likimwagwa zima huondoka na dhahabu yake.

Wapo wanaofukuza mlio mmoja hadi mita kadhaa chini, kina ambacho mashine haifiki kwa vipande vya kawaida. Hapo hatari si hasara pekee. Mfinyanzi mkavu hupasuka, ukinyeshewa huteleza, na kuta za shimo huweza kumfukia mchimbaji ghafla.

Aidha, kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kutafuta madini bila leseni ni kosa, hata kama shamba ni la mtafutaji mwenyewe. Leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo ni ya Watanzania, huombwa Tume ya Madini.